Sindano, Masikio na Kifundo cha RNA

Katika Tandale, sikio ni chombo cha kazi. Mchuuzi wa soko la nafaka husikiliza bei inayotajwa na dalali kabla gunia halijafunguliwa. Dereva wa bodaboda anayepenya vichochoro vya kwa Mtogole huokolewa na honi ya mwenzake asiyemwona. Mama anayelala chumba kimoja na watoto wanne hutambua gizani, kwa sauti ya kikohozi tu, ni yupi kati yao anayeumwa. Hapa ndipo pia alipokulia Diamond Platnumz, na si ajabu, kwa kuwa ni mtaa usiojua kunyamaza. Mtu aliyeponywa mapafu yake kwa tiba iliyomwondolea usikivu hawezi, katika mtaa kama huu, kuambiwa kwamba amepona akaridhika.

Hasara hiyo si ya kubuni. Kwa zaidi ya nusu karne, tiba ya kifua kikuu ilikwenda sambamba na sindano. Streptomaisini, iliyopatikana mwaka 1943 nchini Marekani na Albert Schatz katika maabara ya Selman Waksman, ndiyo dawa ya kwanza iliyomshinda kweli mdudu wa ugonjwa huu. Dawa nyingine za jamii yake zikafuata: kanamaisini, amikasini, jentamaisini. Zote zinaokoa maisha, na zote zinaweza kuharibu sikio la ndani. Mgonjwa huanza kwa kusikia mlio usiokoma, au kuyumba anapotembea. Kisha sauti nyembamba hupotea, na mwisho mazungumzo ya kawaida. Seli za vinyweleo vya sikio la ndani zikifa haziote tena.

Afrika Mashariki haikuwa mpokeaji tu wa dawa hizi. Wagonjwa wa eneo hili walishiriki katika majaribio yaliyoendeshwa kwa ushirikiano na Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza, ambayo matokeo yake, yaliyochapishwa mwaka 1972, yalionyesha kwamba miezi 6 ya streptomaisini, isoniazidi na rifampisini ingeweza kufanya kazi iliyokuwa ikidai miezi 18. Dunia nzima inatibu kifua kikuu kwa muda mfupi leo kwa sababu, miongoni mwa mambo mengine, watu wa Afrika Mashariki walikubali kudungwa kila siku. Mpango wa Taifa wa Kudhibiti Kifua Kikuu na Ukoma ulipoanzishwa Tanzania mwaka 1977, Karel Styblo na wenzake Watanzania walijenga utaratibu ambao miezi 2 ya mwanzo ilikuwa ya sindano, na mfano huo ukaja kuigwa na nchi nyingi. Aliyerudiwa na ugonjwa alidungwa tena miezi 2, hadi Shirika la Afya Duniani lilipoacha kupendekeza hivyo mwaka 2017. Kwa wenye kifua kikuu sugu, ambao nchini Tanzania walianza kutibiwa Kibong'oto mwaka 2009, kanuni ya dunia nzima ya wakati ule ilitaka sindano za miezi mingi zaidi. Mwaka 2018 Shirika hilo liliziondoa kanamaisini na kapriomaisini katika orodha ya dawa zinazopendekezwa, na kufikia mwaka 2020 likapendekeza tiba ya vidonge pekee yenye bedakwilini.

Basi wapo wanaosema kwamba shauri limekwisha, sindano zimeondoka, yaliyopita si ndwele. Hoja hiyo ina kasoro kubwa. Jentamaisini bado hutolewa kila siku katika wodi za watoto wachanga, pamoja na ampisilini, kwa mtoto anayeshukiwa kuwa na maambukizi katika damu, na haina mbadala mwepesi. Amikasini bado ni akiba kwa kifua kikuu kisichosikia vidonge. Swali la nani atapoteza usikivu na nani hatapoteza halijaondoka. Limehama tu kutoka wodi moja kwenda nyingine. Na jibu lake, kwa sehemu kubwa kuliko wengi wanavyodhani, limo katika umbo la kifundo kimoja kidogo cha RNA.

Ndani ya kila seli mna mitambo midogo iitwayo ribosomu, inayosoma maagizo ya jeni na kuunganisha protini kufuatana na maagizo hayo. Moyo wa mtambo huo si protini bali ni RNA, uzi mrefu ulioandikwa kwa herufi 4: A, C, G na U. Uzi huo haukai umenyooka kama uzi wa cherehani. Hujikunja, hujisokota, herufi zikashikana mbili mbili kama ngazi; na pale ambapo hazishikani kwa kanuni ya kawaida, huzaliwa vifundo, mapindo na vikunjo vyenye umbo maalumu. Wataalamu huviita motifu. Jambo la kustaajabisha ni kwamba kifundo kile kile huonekana tena na tena katika RNA za viumbe tofauti kabisa, wakati mwingine kikiwa kimeundwa kwa herufi nyingine. Msusi wa mikeka analielewa hili bila kusoma biolojia. Pindo la ukili ni lile lile hata rangi za miyaa zikibadilika. Anayehesabu rangi tu hataliona, anayepapasa kwa vidole ataligundua mara moja.

Kifundo kinachohusika na habari hii kimo katika nusu ndogo ya ribosomu ya bakteria, kwenye mhimili unaoitwa heliksi ya 44. Hapo ndipo ribosomu inapohakiki kama kiungo kilicholetwa kinalingana na maagizo. A mbili, za nafasi ya 1492 na 1493, huchomoza nje ulinganifu unapokuwa sahihi, mfano wa karani anayeinua mhuri. Kanamaisini, amikasini na jentamaisini hujipenyeza katika kifundo hicho na kuzilazimisha A hizo zichomoze muda wote. Mhuri unagongwa kwa kila hati, halali na ya kughushi. Protini mbovu hujaa, na bakteria hufa. Umbo hilo lilionekana kwa ufasaha mwaka 2000, kikundi cha Venkatraman Ramakrishnan huko Cambridge kilipochapisha picha za ribosomu ikiwa imeshikwa na antibiotiki. Kwa kuichora ribosomu, yeye, Thomas Steitz na Ada Yonath walipewa Tuzo ya Nobel ya kemia ya mwaka 2009. Streptomaisini, ikumbukwe, hushika mahali jirani na si hapo hapo, ndiyo maana kimelea kilichokuwa sugu kwa streptomaisini mara nyingi bado hufa kwa amikasini.

Sasa itazamwe nafasi moja tu katika kifundo hicho, ya 1408. Bakteria wana A. Ribosomu kuu za binadamu zina G, na kwa tofauti hiyo ya herufi moja dawa humwua bakteria ikamwacha mtu. Kimelea cha kifua kikuu kimeigundua siri hiyo kwa njia yake. Kikigeuza A hiyo kuwa G, badiliko ambalo maabara huliandika A1401G kwa kufuata hesabu ya herufi za kimelea chenyewe, kinakuwa kimevaa vazi la binadamu, na kanamaisini na amikasini hupita mlangoni bila kukigusa. Kipimo cha Xpert MTB/XDR husoma jeni hiyo hiyo, iitwayo rrs. Mtumishi wa maabara anayeona jina hilo kwenye karatasi ya majibu anaona kivuli cha kifundo hiki, ingawa ni wachache waliowahi kuonyeshwa kifundo chenyewe.

Na binadamu naye ana upande wake dhaifu. Mitokondria, vinu vya nishati vya seli, zina ribosomu zake, na RNA yake katika nafasi ile ya 1408 ina A, kama bakteria. Kinachoikinga mitokondria, kwa kiasi, ni jozi ya jirani: C ya nafasi ya 1494 inatazamana na A ya nafasi ya 1555, nazo hazishikani vizuri, hivyo kifundo hubaki kimelegea na dawa haikai barabara. Lakini kuna watu ambao A hiyo ya 1555 imegeuka kuwa G. G na C hushikana. Kifundo hukaza, na ghafla sikio la mtu huyo lina ribosomu inayofanana mno na ya bakteria. Uhusiano huo ulielezwa mwaka 1993. Mwenye badiliko hilo anaweza kupoteza usikivu baada ya dozi chache, hata kama kiwango cha dawa katika damu yake kilikuwa sahihi na aliyemdunga hakukosea lolote. Badiliko hurithiwa kwa mama peke yake, kwa kuwa mitokondria za baba hazipiti kwa mtoto.

Ni lazima kusema hapa kwamba wengi wanaoharibikiwa masikio kwa dawa hizi hawana badiliko hilo. Dozi kubwa, muda mrefu, figo dhaifu na uzee vinatosha. Anayefundisha kwamba kifundo kinaeleza kila kitu atakuwa anafundisha uongo.

Yote haya yangeweza kubaki hadithi ya maabara za mbali, isingekuwa jambo moja ambalo vyuo vya tiba vya Afrika Mashariki bado havijalitumia ipasavyo, yaani kwamba picha zenyewe ziko wazi kwa kila mtu, bure. Hazina ya Protein Data Bank, iliyoanzishwa mwaka 1971, huhifadhi maumbo ya protini na RNA yaliyopimwa, kila chembe na mahali pake. Ribosomu ya mitokondria ya binadamu imo, tangu mwaka 2015. Ribosomu ya kimelea cha kifua kikuu imo, tangu mwaka 2017. Na juu ya hazina hiyo wataalamu wa Chuo Kikuu cha Bowling Green State, jimbo la Ohio, wamejenga vyombo vya kutafutia. Programu ya FR3D ilitangazwa mwaka 2008, na kanzidata iitwayo RNA 3D Motif Atlas, inayopanga vifundo vya RNA katika makundi kulingana na umbo, ilichapishwa mwaka 2013.

Namna ya kutafuta ni nyepesi kuliko jina lake. Mtafutaji hutaja umbo analolijua, kwa mfano herufi chache za heliksi ya 44 katika ribosomu fulani, kwa namba zake. Programu hupima jinsi herufi hizo zilivyokaa angani, moja kuelekea nyingine, kisha hupitia maumbo mengine na kuleta vipande vyote vilivyokaa vivyo hivyo, vikiwa vimepangwa kuanzia kinachofanana zaidi. Au mtafutaji hataji umbo bali masharti: herufi hii ishikane na ile kwa ukingo fulani, hizi mbili zilaliane, baina yao isizidi herufi kadhaa. Msingi wa lugha hiyo ni mpango wa Leontis na Westhof wa mwaka 2001, uliotambua kwamba kila herufi ina kingo tatu za kushikia, na kwamba jozi zote zinazowezekana zinaingia katika jamii 12. Hesabu nzito hufanyika kwenye kompyuta za huko huko. Aliye Dar es Salaam anahitaji kivinjari, kifurushi cha intaneti na umeme usiokatika kwa nusu saa. Hilo la mwisho lisidharauliwe.

Faida ya kutafuta kwa umbo badala ya herufi ndiyo kiini cha hoja. Anayelinganisha herufi pekee ataona kwamba RNA ya mitokondria ya binadamu na RNA ya bakteria zimetofautiana sana, na atalala akiamini dawa ni salama. Anayelinganisha maumbo ataona vifundo viwili vilivyokaribiana hivi kwamba herufi moja tu inatosha kuvifanya pacha. Ni tofauti baina ya kusoma majina kwenye daftari la wageni na kuwatazama wageni usoni.

Hata hivyo kufanana si ushahidi. Orodha inayotoka katika kanzidata ni orodha ya washukiwa, na pasipo kazi ya maabara mshukiwa hawi mtuhumiwa. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Zurich walionyesha njia sahihi. Mwaka 2008 walichapisha kazi ambamo kifundo cha mitokondria ya binadamu kilipandikizwa katika ribosomu ya bakteria asiye na madhara, jamaa wa kimelea cha kifua kikuu, kisha dawa zikajaribiwa moja moja. Kifundo chenye badiliko la 1555 kilishikwa na dawa kwa urahisi zaidi kuliko kile cha kawaida, kama umbo lilivyobashiri. Kutoka katika njia hiyo walifikia, mwaka 2012, kuonyesha kwamba apramaisini, dawa iliyokuwa ikitumiwa kwa mifugo, humwua bakteria lakini haikishiki vizuri kifundo cha mitokondria, na huliharibu sikio kidogo kuliko ndugu zake. Tangu hapo imekuwa ikifanyiwa kazi ili ije kuwa dawa ya binadamu.

Pingamizi la kweli dhidi ya haya yote linatoka Tandale yenyewe, na linastahili heshima. Kifua kikuu huenea kwa hewa. Nyumba zimebanana, vyumba havina madirisha ya kutosha, maji ya Mto Ng'ombe hufurika masika na kuwafungia watu ndani. Mtu anaweza kuuliza, kwa haki kabisa, kwa nini chuo kipoteze saa za wanafunzi katika vifundo vya RNA wakati dirisha moja lingezuia maambukizi mengi. Hakuna jibu litakaloshinda dirisha. Ila chaguo hilo halipo: hakuna fedha ya madirisha inayopelekwa kwenye kanzidata iliyo bure, na fundi wa madirisha hasubiri somo la biokemia likome ndipo aanze kazi. Kinachoshindana ni saa za mwanafunzi, na katika saa hizo mwanafunzi wa udaktari au wa maabara tayari anakaririshwa kwamba aminoglikosidi hushika ribosomu na huharibu masikio. Anaandika sentensi mbili kwenye mtihani, anapata alama, wala haulizwi zinahusianaje. Saa mbili mbele ya skrini zingemwonyesha kwamba ni sentensi moja.

Tena kuna maswali ambayo wa Ohio na Zurich hawatayauliza kwa niaba ya Kinondoni. Ulaya, badiliko la 1555 hupatikana kwa mtu takriban 1 kati ya 500. Hesabu hiyo haiwezi kuazimwa na kutumiwa Dar es Salaam, kwa sababu nasaba za mama za Afrika ni nyingi na za kale kuliko za mahali pengine popote, na RNA ya mitokondria hubeba tofauti zake kwa kufuata nasaba hizo. Tofauti ikipatikana katika damu ya mgonjwa wa hapa, hatua ya kwanza ya kujua kama ni ya hatari au ni ya kupuuzwa ni kuiweka mahali pake katika kifundo: je, inagusa dawa inapokaa, au iko mbali pembeni? Hiyo ni kazi ya mtafutaji wa motifu. Watu ambao miili yao iliithibitishia dunia tiba ya miezi 6 wana haki ya kufanyiwa utafutaji huo na vijana wao wenyewe, na kuelezwa matokeo yake kwa Kiswahili.

Kwamba jambo hili linaweza kufika hadi kitandani si ndoto. Mjini Manchester, Uingereza, watafiti walichapisha mwaka 2022 matokeo ya kipimo kinachotafuta badiliko la 1555 kwa mtoto mchanga kabla ya kumpa jentamaisini, na majibu hutoka chini ya nusu saa, kwa hiyo dozi ya kwanza haicheleweshwi. Kipimo hicho kiliwezekana kwa sababu mtu fulani, zamani, aliuliza kwa nini herufi moja katika RNA iliwafanya ndugu wa ukoo mmoja kuwa viziwi.

Wakati kipimo cha namna hiyo kinasubiriwa, mambo machache yanawezekana leo. Mzazi asikatae jentamaisini kwa mtoto mchanga mwenye maambukizi ya damu, kwa kuwa ugonjwa huo huua kwa saa, na kwa watoto walio wengi dawa hiyo ni salama ikitolewa kwa kipimo sahihi. Mgonjwa wa kifua kikuu anayesikia mlio masikioni au anayeyumba asiache dawa kimyakimya nyumbani. Amweleze mhudumu siku hiyo hiyo, kwa sababu dawa inaweza kubadilishwa kabla sauti hazijapotea. Anayepewa amikasini apimwe usikivu kabla ya kuanza na kila mwezi baada ya hapo, si pale tu anapolalamika. Na mhudumu aliye mbele ya mgonjwa, kabla hajavunja kichupa cha kwanza, aulize: kwa upande wa mama, mjomba, mama mdogo, bibi mzaa mama, kuna aliyewahi kupoteza usikivu baada ya kuchomwa sindano? Jibu likiwa ndiyo, liandikwe kwa wino mwekundu juu ya jalada, na daktari aitwe kabla ya dozi.